Mwanya wa Bafuni kwa Mama Yustina

Sekela, Neema na Tabia, ninyi ndio mmebaki na kazi ya kupiga silikoni mabafuni, mimi nimeshakaa chini. Mliniambia, "Bibi Tumpe, tuandikie uliyoyaona, hata kwenye daftari la shule." Haya, daftari ndilo hili. Vyeo hamtavikuta humu. Kazi yetu cheo chake ni kupiga magoti, na magoti yangu ndiyo yaliyoomba kustaafu, mimi mwenyewe nilikuwa bado nataka. Nitawaeleza jinsi maji yanavyojua kupita, maana hilo lilinishangaza siku ya kwanza na linanishangaza mpaka leo. Na nitawafikisha kwenye nyumba moja ya Iringa, ambako mama wa miaka themanini alikuwa anaondolewa kwake kwa sababu ya mwanya usiofika unene wa punje ya mchele. Mwanya ule niliuziba nikashindwa. Lakini nikianzia pale mtanielewa nusu, kwa hiyo tuanzie Mwanjelwa, Mbeya.

Niliingia kazini kama mfanya usafi katika nyumba ya wageni ya Mzee Sanga, nyuma ya wauza viatu vya mitumba. Nilikuwa tayari na wajukuu wawili, Lusajo na Gwantwa, kwa hiyo msidhani nilianza nikiwa msichana. Mabafu yalikuwa kumi na manne. Siku ya kwanza mke wa Mzee Sanga, Mama Bahati, alinipa brashi akanipeleka chumba namba sita, akanionyesha mstari mweusi pale vigae vya ukutani vinapokutana na trei, lile beseni bapa unalosimama ndani yake ukioga bomba la mvua.

"Usitoke humu mpaka huo mstari uwe mweupe," akasema.

Nilisugua kwa sabuni ya unga, nikasugua kwa majivu, nikasugua na mchanga mpaka vidole vikaota malengelenge. Mstari haukubadilika. Nikajua ni uchafu wa wageni, nikawalaumu moyoni mmoja mmoja kwa majina, maana kitabu cha wageni nilikuwa nimekiona mezani.

Wiki ile ile akaja Fundi Ambokile, mzee wa Tukuyu, mfupi, kofia ya sufu hata jua likiwaka. Alinikuta nimepiga magoti palepale.

"Mama, unasugua nini?"

"Uchafu."

"Huo si uchafu, ni ukungu, na umejenga ndani ya mpira wa silikoni unaoziba mwanya. Utasugua mpaka Yesu arudi, akukute umeshika brashi."

Akatoa kisu alichokichonga kwenye kipande cha msumeno wa chuma. Akakata juu ya ule mpira, akakata chini, akashika ncha akavuta. Ulitoka mzima, mrefu kama nyoka, mgongo mweusi, unanuka kama mtungi uliosahaulika. Nyuma yake kulikuwa na mwanya, na ndani ya mwanya kulikuwa na mzizi. Mzizi kweli. Mweupe, mwembamba kama uzi wa kushonea, umetoka kwenye mti uliokuwa nje ya nyumba, umepita chini ya msingi, umepenya ukuta, umekuja kunywa maji ya wageni wa chumba namba sita. Nilirudi nyuma hatua mbili.

"Umeona?" Ambokile akasema, akiushika kwa vidole viwili kwa adabu, kama anaushika mkono wa mtoto. "Mti hauna macho. Lakini umejua."

Mimi nilikuwa nimefua, nimepika, nimelima kwa maji maisha yangu yote, na sikuwahi kufikiri kwamba yana njia zake ndani ya kuta za watu. Tangu siku ile kila nikiingia bafuni natazama kona kwanza.

Nilimwomba anifundishe. Hakukataa, hakukubali, alinipa tu kitambaa akasema nipanguse. Ndivyo nilivyoanza. Kwa Ambokile silikoni yenyewe ilikuwa jambo la mwisho. Alikuwa akisema kazi ni siku tatu, silikoni ni dakika tatu. Kwanza unatoa ya zamani yote, hata ule utando usioonekana ambao ukipitisha kucha unakwama kidogo, maana silikoni mpya haishiki juu ya silikoni kuukuu. Kisha unaua ukungu kwa klorini, unasuuza, unapangusa kwa spiriti, unaacha pakauke kweli. Unabandika tepu ya karatasi juu na chini ili mstari usitangetange. Unakata mdomo wa chupa ya silikoni kwa mshazari, unaiweka kwenye bunduki yake ya kukamulia, unasukuma kwa mwendo mmoja bila kupumzika njiani. Unalainisha kwa kidole chenye maji ya sabuni, unatoa tepu ingali mbichi. Mnayajua haya. Nayaandika kwa sababu nayaona mnavyoyaruka, hasa wewe Tabia na ile spiriti.

Jambo lililonitoa machozi ni dogo, mtanicheka. Nilimuuliza Ambokile ile silikoni inakauka kwa nini, kwa jua au kwa upepo. Akasema, "Inakauka kwa kunywa unyevu wa hewani." Nikajua mzee ananitania. Akakamua matone mawili. Moja akaliacha wazi dirishani, ilikuwa masika na Mbeya yote ina ukungu. La pili akalifunga kwenye nailoni, akatoa hewa yote, akakaza fundo. Kesho yake asubuhi la dirishani lilikuwa mpira, linadunda. La kwenye nailoni lilikuwa bado uji. Nikasimama pale na matone yale mkononi, harufu yake ya siki inanipanda puani. Kitu kilichotengenezwa kuzuia maji kinakomazwa na maji. Nilirudi nyumbani nikamweleza mume wangu, Mwakyoma, akasema, "Sasa chakula kiko wapi?"

Tulifanya kazi pamoja miaka mingi. Tulikwenda mpaka Makongolosi kwa wachimba dhahabu, kwenye nyumba ya wageni ya mama mmoja aliyeitwa Sikujua. Tukapiga mabafu manane, mistari imenyooka kama tuta la viazi. Wiki haikuisha tukaitwa, yote yamechanika. Ambokile akasimama mlangoni anatazama, akamwona mchimbaji mmoja anaingia kuoga. Alikuwa Msukuma, Masanja, mtu mkubwa kuliko mlango. Alipokanyaga trei, trei ilishuka. Si sana, labda nusu ya unene wa shilingi. Ikatosha. Tulikuwa tumeziba mwanya wa trei tupu, na hakuna mtu anayeoga bila uzito wake.

Basi tukakata tukaanza upya, safari hii Masanja akiwa amekaa kwenye kiti ndani ya trei, viatu miguuni, magoti yanagusa kidevu.

"Mama," akaniuliza, "mnanipiga picha au mnanizika?"

"Tulia, usipumue sana."

"Nisipumue tena? Si mngeniambia mapema nikamuaga mke wangu!"

Alipochoka tuliweka ndoo za maji mahali pake, zikakaa mpaka silikoni ikakomaa. Mtu ukimwambia kwamba nyumba inashuka kidogo kila ukioga na kupanda ukitoka, ataona umeanza kuzeeka. Lakini mimi nimeiona kwa macho.

Ambokile aliporudi Tukuyu kwenye migomba yake niliendelea peke yangu. Nilipata kazi Mgololo, kwenye nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha karatasi, na huko ndiko nilikofahamiana na Daudi Mligo, fundi mashine. Alikuwa anakuja kusimama nyuma yangu nikifanya kazi kwa jirani yake, hasemi kitu, anatazama mkono. Siku moja akasema, "Nikistaafu nitamjengea mke wangu bafu la ndani. Nyumbani kwetu Iringa choo kiko bondeni, na Yustina mgongo umeanza kumsumbua." Akaandika jina langu na namba yangu ya simu kwenye kidaftari chake. Alistaafu, akalijenga bafu kwa mikono yake, kisha akafariki. Kidaftari kikabaki.

Ndiyo maana mwezi Julai wa mwaka wangu wa mwisho kazini nikapigiwa simu na mtu nisiyemjua.

"Shikamoo mama. Naitwa Festo, mtoto wa marehemu Daudi Mligo. Bafu la baba linavuja."

Nilifika Iringa Jumanne. Nyumba iko pembeni ya mji, upande wa Kihesa, kwenye mteremko. Festo alikuwa mwanamume wa miaka hamsini hivi, anafanya kazi Dodoma, amekuja kwa likizo ya wiki moja na gari la kubebea mizigo. Hakunipeleka bafuni. Alinipeleka chumbani kwa mama yake, ambacho kimepakana na bafu na sakafu yake iko chini zaidi kwa sababu ya mteremko, akanionyesha ukuta juu ya kitanda. Doa la maji lilikuwa kubwa kama ngozi ya mbuzi iliyoanikwa. Nikabonyeza kwa dole gumba, plasta ikaingia ndani. Chini ya plasta ile ni tofali mbichi, udongo ambao haukuchomwa. Udongo ukishiba maji unarudi kuwa tope.

"Mafundi watatu wamepita, mama. Wewe ni wa nne," akasema. "Mtu akioga, kabla chai yake haijapoa hilo doa limeshakua. Siwezi kumwacha mama alale chini ya ukuta huu. Jumapili narudi Dodoma. Doa likikoma, anabaki. Lisipokoma, anapanda gari."

Sikumlaumu. Mtoto anayeogopa ukuta umwangukie mama yake si mtoto mbaya.

Mama Yustina mwenyewe alikuwa jikoni, mkunga mstaafu, mwembamba, amenyooka shingo ingawa mgongo umepinda. Nilimwamkia shikamoo, na mimi mwenye vitukuu nikaitikiwa "Marahaba mwanangu" nikasikia raha. Kisha akaniamkia kwa lugha ya kwao, "Kamwene," nami nikaitika hivyohivyo. Alinikalisha, akanipa chai na viazi, akasubiri Festo atoke.

"Mkwe wangu Rehema, mke wa Festo, ana roho nzuri," akasema polepole. "Chumba ameshanitayarishia. Lakini kule nitakuwa mtu wa kuambiwa karibu, kaa. Hapa kwangu ni mimi ninayewaambia watu karibu, kaa. Unanielewa?"

"Nimekuelewa, mama."

"Basi ziba."

Bafu la Daudi lilikuwa kazi safi, vigae vimenyooka, trei imekaa sawa. Niliikuta silikoni ya mafundi watatu, moja juu ya nyingine, na yote ilitoka kirahisi kama ganda la kiazi kilichochemshwa. Nilimuuliza Festo majina yao: Kalinga, Mgaya na Benjamini. Nikawacheka wote watatu. Nikawaza, hawakutoa ya zamani, hawakupangusa. Nikatoa, nikasafisha, nikamaliza kwa spiriti, nikafungua dirisha, nikamwambia Mama Yustina asimwage hata tone la maji mle ndani mpaka nirudi asubuhi. Nililala kwa binti wa dada yangu, Anyosisye, nimejaa majivuno.

Jumatano nilipofungua mlango, bafu lilikuwa linang'aa. Nikasema moyoni, Tumpe, mkono wako bado upo. Niliweka magunia mawili ya viazi ndani ya trei kwa ajili ya uzito, nikabandika tepu, nikapiga silikoni, mstari ukatoka mzuri kuliko yote niliyopata kuipiga. Julai ya Iringa ni baridi ya kung'ata, kwa hiyo nikaipa siku mbili.

Ijumaa asubuhi Festo alichora kwa chaki kuzunguka ukingo wa doa. Mimi nikamwaga ndoo mbili kwenye trei, taratibu, kando kando. Tukakaa chumbani. Chai ilikuwa bado inatoa moshi doa lilipovuka chaki. Lilivuka upande wa kushoto kwanza, kama kidole, kisha likatanuka.

Nikarudi bafuni nikapitisha kucha chini ya mstari wangu mzuri. Ulinyanyuka wote, kutoka kona hii mpaka kona ile, bila kukwama mahali. Haukuwa umeshika kitu. Nilimsikia Festo akitoa sanduku juu ya kabati. Mama Yustina alikuwa amesimama mlangoni, mkono kwenye fremu, anatazama ule mpira uliokuwa unaning'inia mkononi mwangu.

Nikaupeleka dirishani. Upande wa nyuma, ule uliopaswa kuwa umeng'ang'ania kigae, ulikuwa laini, unameremeta kama kioo. Nikaunusa. Siki ilikuwepo. Lakini chini ya siki kulikuwa na harufu nyingine, ya kanisani.

"Mama, hapa umepaka nini?"

"Sikumwaga maji, mwanangu. Ulinikataza."

"Najua. Maji hukumwaga. Umepaka nini?"

Akanitazama kama nimemuuliza swali la aibu. "Nimekupokea tu."

"Umenipokea vipi?"

Akaenda jikoni akaleta kopo la maziwa ya unga, kuukuu. Ndani kulikuwa na nta ya njano iliyoganda. Yale mabaki ya mishumaa ya altare anapewa na mzee wa kanisa, anayayeyusha pamoja na mafuta ya taa, anapaka kwa soksi, anasugua mpaka uone uso wako. Wale waliosoma kwa masista zamani wanaijua, ndiyo iliyokuwa inang'arisha sakafu za huku kwetu kabla ya dawa za dukani.

"Fundi anatoka Mbeya yote hiyo," akasema, "anakuja kupiga magoti bafuni kwangu. Nimwingize kwenye bafu lililofubaa? Niliamka alfajiri ya Jumatano nikakupakia, kona zote."

"Na wale wengine watatu?"

"Hata wao. Kalinga nilimpakia mara mbili, maana alikuja na mkewe."

Jamani. Nilikaa juu ya gunia la viazi. Mafundi wanne, wa Iringa na wa Mbeya, tumeshindwa na heshima. Kila fundi akisafisha mwanya, mwenye nyumba anaamka gizani kumpa adabu yake, na silikoni inalala juu ya nta kama mgeni juu ya kitanda kilichotandikwa vizuri, kisha inaondoka. Nikaupapasa ukingo ule kwa kidole, nikastaajabu. Mikono iliyozalisha nusu ya mtaa ilikuwa imepita hapa kwa soksi, milimita kwa milimita, haikuacha pengo. Hakuna kati yetu sisi wanne aliyefanya kazi yake kwa ukamilifu kama yeye.

Festo alicheka, cheko moja tu, kisha akafunika uso. "Mama! Umekuwa unajifukuza mwenyewe!"

Mama Yustina akaanza kulifunika kopo lake. Niliona nisiposema kitu lile neno litamkaa.

"Kosa ni langu, Festo," nikasema. "Nilimkataza maji. Sikumkataza heshima. Leo ni Ijumaa. Niletee maji ya moto, mengi."

Mnajua, nta haitoki kwa hasira. Nilimwaga maji ya moto na sabuni, nikakwangua kwa wembe, nikapangusa kwa spiriti, nikatupa kitambaa nikachukua kingine. Tatizo ni kujua imekwisha lini, maana nta nyembamba haionekani. Ambokile hakuwahi kunifundisha hilo. Ni Mama Yustina aliyenifundisha. Alivuta kigoda akakaa kando yangu na kikombe cha maji baridi, akachovya kidole, akadondosha tone kwenye kigae.

"Tazama," akasema. "Limekaa mviringo kama shanga. Hapo nta ipo."

Nikapangusa tena. Akadondosha.

"Shanga."

Tena.

"Shanga. Mwanangu, unabembeleza, sugua!"

Tena. Tone likatanda, likatambaa, likashika kigae.

"Limelala," akasema. "Nenda mbele."

Tulikwenda hivyo kidole kwa kidole, yeye akidondosha, mimi nikisugua, na Festo analeta birika baada ya birika. Mama Yustina alikuwa mkali kuliko Mama Bahati. Kwenye kona moja alinirudisha mara saba. Mpaka leo sijui kama ni ukunga ndio unaompa mtu macho yale, lakini nilipita siku ile yote nikijiona mwanafunzi. Kigae kile kile, tone moja linasimama na kujikunja, jingine linalala. Unyayo wa nta usioonekana kwa jicho, maji yanauona.

Tulikausha kwa vitambaa na kwa upepo, nikamaliza kwa spiriti, nikarudisha magunia, na jua likiwa linaelekea mlimani nikapiga silikoni. Kabla sijasukuma bunduki nilimgeukia Mama Yustina. Hakusubiri niseme. Alimkabidhi Festo kopo, akamwambia akalifungie kwenye gari na funguo akae nazo mfukoni.

Festo akachora chaki mpya kuzunguka doa.

Jumamosi asubuhi nilifika nikakuta dirisha la bafu limefungwa, na Festo anaingia na jiko la mkaa, makaa mekundu yamejaa.

"Unapeleka wapi hilo?"

"Bafuni. Baridi hii haitakausha kitu, mama. Kesho ndiyo mwisho."

Ninyi watatu, hili shikeni. Huku kwetu kila kitu tunakikausha kwa jiko: nguo za mtoto, mbegu, plasta. Nilisimama mlangoni nikapanua mikono.

"Hupiti. Mkaa ndani ya chumba kilichofungwa unaua watu, unajua vizuri. Na hata usingeua, silikoni haitaki moto. Inakunywa unyevu. Ukiikaushia hewa unainyima maziwa."

"Mama, kitu cha kuzuia maji, kinywe maji?"

"Ndiyo."

"Nani kasema?"

"Ambokile wa Tukuyu."

Akanitazama, akalitazama jiko. Sijui ni jina la Ambokile au ni uzee wangu, lakini alilirudisha nje. Nikachukua jiko lile lile nikabandika sufuria kubwa palepale uani, maji yakichemka nikayaingiza bafuni, nikarudishia mlango nikaacha nafasi kidogo. Mvuke ukajaa, ukapanda kwenye vigae, ukalala juu ya ule mstari mweupe. Festo alitikisa kichwa kama mtu anayeangalia uganga. Nilibadilisha sufuria lile siku nzima. Nilikuwa naingia, nagusa tone la silikoni nililoliacha pembeni juu ya tepu kwa majaribio, nikiona limeanza kukaza. Kila mara nilishangaa upya kama ile asubuhi ya matone mawili.

Jumapili walirudi kutoka ibadani saa tano. Sanduku lilikuwa garini tayari, godoro limefungwa kwa kamba, na Rehema alishapiga simu kuuliza wameanza safari au bado. Nilitoa magunia, nikapitisha kucha chini ya mstari kwa nguvu. Kucha ndiyo iliyovunjika. Festo akaenda kujaza ndoo mbili.

"Weka chini hizo ndoo," mama yake akasema. Alikuwa na taulo begani. "Kama ni kuondoka, nitaondoka nimeoga kwangu."

Akaingia, akafunga mlango. Mimi na Festo tukaenda chumbani, tukasimama juu ya kitanda kile kama watoto watukutu, bila viatu, kila mmoja ameweka viganja ukutani pembeni ya mstari wa chaki. Bomba likafunguliwa. Tuliyasikia maji yakipiga trei upande wa pili, unene wa tofali moja tu kutoka kwenye mikono yetu, na nyuma yake sauti ya Mama Yustina akiimba wimbo wa ibada ya asubuhi, akikosea ubeti. Hakuwa na haraka. Alioga kama mtu anayejua kwamba kuna watu wanamsubiri, na wasubiri. Ukuta ulikuwa wa baridi. Nilihisi mtetemo wa maji ukipita kwenye udongo mpaka kwenye mifupa ya vidole, mto mzima unatiririka pale, na kati ya mto ule na kitanda hakukuwa na kitu ila uzi mweupe usiozidi kidole changu kidogo.

Chai ikapoa mezani. Ikapata utando. Upande wa kushoto, pale lilipovukia kwanza, doa lilikuwa palepale, ukingo wake umeanza kupauka kama udongo unaokauka. Festo alisogeza kiganja chake taratibu kutoka mwanzo wa chaki mpaka mwisho, akarudi mwanzo tena.

"Vipi huko?" mama yake akaita kutoka kwenye maji.

Festo akaegemeza paji la uso ukutani.

"Festo! Nauliza vipi huko? Nifunge maji?"

"Usifunge," akasema. "Oga tu, mama. Oga, mimi nashusha godoro."